UZI: Riwaya za upelelezi zenye mizimu na vichekesho. Zipi zinakamata, zipi zimechuja, na kwa nini

#1 Msomavyote (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Uzi huu ni kwa ajili yetu sisi tunaopenda aina ya riwaya ambayo hata mpanga rafu hajui aiweke wapi. Kuna maiti, kuna mpelelezi, kuna mzimu au mchawi au mnyonya damu, na kuna msimulizi asiyeweza kumaliza ukurasa bila kurusha kijembe. Na vitabu vyenyewe haviji kimoja, vinakuja kwa mfululizo, cha kwanza, cha pili, mpaka cha kumi na ngapi huko. Wapenzi wa fasihi nzito wanavikunjia pua, wapenzi wa upelelezi mtupu wanasema ni ulaghai, na wapenzi wa hadithi za kutisha wanalalamika kwamba havitishi. Mimi navisoma, nina maoni, na leo nayamwaga hapa.

Hoja yangu ni moja: mzimu usio na masharti hauchekeshi. Vitabu vinavyonichosha katika aina hii havikupungukiwa mizaha. Vimejaa mizaha mpaka inamwagika. Walichosahau waandishi wake ni kutuambia mizimu yao inaweza nini na haiwezi nini.

Nianze na pingamizi kongwe. Mwaka 1929 padri wa Kiingereza aitwaye Ronald Knox, ambaye mwenyewe alikuwa akiandika riwaya za upelelezi, alitoa amri kumi za uandishi huo. Amri ya pili inafukuza nguvu zote zisizo za kawaida. Ukimsikiliza, ana haki. Muuaji akiweza kupenya ukutani, chumba kilichofungwa kwa ndani si fumbo tena. Msomaji anashindana na mwandishi, na mwandishi akiwa na jini mfukoni, mchezo umeisha kabla ya filimbi.

Ila mimi nasema Knox aliuona ugonjwa vizuri, dawa yake ndiyo ilizidi ukali. Kinachoua fumbo ni muujiza usio na mipaka. Niambie mapema kwamba mzimu hauvuki chuma, halafu maiti ikutwe nyuma ya mlango wa chuma usiovunjwa: hapo nimeshajua aliyeua ni mtu anayepumua. Huo ni ushahidi halali kama alama ya kiatu kwenye tope.

Chukueni mfululizo wa Lockwood & Co. wa Jonathan Stroud, vitabu vitano, 2013 hadi 2017. Mizimu imeivamia Uingereza. Watoto na vijana ndio wanaoiona na kuisikia sawasawa; watu wazima hawaoni kitu, lakini mzimu ukiwagusa wanakufa vilevile. Chuma, fedha na chumvi vinaizuia. Basi. Sasa tazameni hayo masharti machache yanavyozaa. Watoto wanaajiriwa na kampuni za kupambana na mizimu, wanaenda kazini usiku na panga mkononi. Watu wazima wanakaa ofisini wakitoa maelekezo juu ya hatari wasiyoiona. Mtu akizeeka kidogo tu, kipaji kinaondoka na kazi inakwisha. Huhitaji kutunga kichekesho hapo, kimeshajitunga chenyewe. Kisha kuna lile fuvu ndani ya mtungi wa kioo, linaloongea na msichana mmoja tu, Lucy, na muda mwingi linatukana. Wenzake hawalisikii. Kwa hiyo matusi yote anayapokea yeye, na akijibu anaonekana anajibizana na mtungi.

Au Rivers of London ya Ben Aaronovitch, iliyoanza 2011. Askari wa cheo cha chini, Peter Grant, amewekwa kulinda eneo la mauaji usiku. Anatokea shahidi aliyeona kila kitu. Tatizo ni kwamba shahidi mwenyewe ni marehemu wa siku nyingi. Askari afanye nini? Anafanya alichofundishwa chuoni: anaanza kuchukua maelezo. Hapo ndipo niliponaswa. Mwandishi hakunifinya ubavu nicheke, aliuweka utaratibu wa polisi mbele ya mzimu akasogea pembeni. Na uchawi wake una gharama. Ukiutumia, simu iliyo mfukoni inaungua, kwa hiyo saa unayohitaji msaada kuliko zote ndiyo saa huna simu. Ukiuzidisha, ubongo wako ndio unaofuata.

Nikirudi nyuma kabisa, babu wa haya yote kwangu ni hadithi ya Oscar Wilde ya 1887, ile ya mzimu wa Canterville. Familia ya Kimarekani inahamia kwenye kasri la Kiingereza. Usiku mzimu unapita ukiburuza minyororo, na mwenye nyumba anatoka chumbani na chupa ya mafuta: tafadhali ipake hiyo minyororo yako. Doa la damu la miaka mamia linafutwa kwa dawa ya madoa. Mzimu unatimiza kila sharti la kimzimu. Waliokataa kutimiza lao, yaani kuogopa, ni binadamu. Sehemu kubwa ya vichekesho ninavyosoma leo ni wajukuu wa ile chupa ya mafuta.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni mpelelezi mwenye mdomo. Anatoa utani akifukuzwa, anatoa utani akijeruhiwa, anatoa utani juu ya mwili wa rafiki yake. Utani wa mtu anayeogopa ni mzuri sana, unamwonyesha anavyojishikilia asianguke. Lakini kama hajawahi kukosa neno hata mara moja, mimi nahitimisha kwamba haogopi, na kama yeye haogopi, mimi niogope nini? Waandishi wazuri wanajua kumnyamazisha mhusika. Ukurasa mmoja bila kijembe, katikati ya kitabu cha vijembe, unapiga kuliko mizuka yote.

La pili ni nguvu kupanda kama mfumuko wa bei. Jim Butcher alimwanzisha Harry Dresden mwaka 2000 akiwa mchawi wa Chicago anayejitangaza kwenye kitabu cha simu, kodi ya pango inamsumbua, polisi wanamtazama kwa jicho la pembeni. Nilimpenda huyo. Vitabu vikienda mbele anakuwa mkubwa, maadui wanakuwa wakubwa zaidi, na kufikia vitabu viwili vya 2020 tuko kwenye vita vinavyotikisa jiji zima. Vinasomeka, sikatai. Lakini siulizi tena nani kaua. Nauliza jengo gani linafuata kuanguka.

La tatu ni mapenzi kumeza kesi. Mfululizo wa Sookie Stackhouse wa Charlaine Harris ulianza 2001 kama upelelezi wa mji mdogo, ukamalizika 2013 na kitabu cha kumi na tatu, na kufika huko wasomaji wengi hawakuwa wakibishana juu ya muuaji. Walikuwa wakibishana juu ya bwana harusi.

Nyie mnasemaje? Na naomba tuwe wastaarabu: ukitaka kumtaja muuaji, onya kwanza.

#2 MachoMekundu

Nimevuta kiti. Endeleeni, nitarudi na maneno yangu.

#3 Kiko_cha_Msa

Mleta uzi umeandika vizuri, lakini umezunguka Uingereza na Marekani ukamruka mzee aliyetangulia kwa lugha yetu wenyewe. Mpelelezi Bwana Msa yuko wapi?

Muhammed Said Abdulla alitoa *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, ikafuata *Kisima cha Giningi* mwaka 1968, kisha *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri* na nyingine. Mfululizo kamili: Msa na kiko chake, rafiki yake Najum anayemfuata nyuma akishangaa, na Spekta Seif wa polisi. Mizimu ipo kwenye jalada, Giningi ya wachawi ipo kwenye jalada, na vichekesho vipo tele, hasa kwenye mazungumzo. Wahusika wanabishana kwa madaha, wanapigana mafumbo, na ukisoma kwa sauti unajikuta unaigiza.

Sasa hoja yako ya masharti. Kwa Msa sharti ni moja tu, nalo ni gumu kuliko yote: mzimu haukuua. Watu wote wanaomzunguka wako tayari kumsukumia mzimu lawama, kesi ifungwe watu wakalale. Yeye anavuta kiko na kuuliza maswali ya kawaida kabisa. Ucheshi unatoka hapo, kwenye pengo kati ya uvumi unaokimbia na mzee asiye na haraka.

#4 Mpinzani_Halali

Mkuu #3 nakuheshimu, ila hizo si riwaya za mizimu. Ni riwaya za upelelezi zilizovaa shuka. Mzimu ukigeuka kuwa binadamu mwishoni, ni kama katuni za Scooby-Doo za 1969: vua barakoa, kumbe jirani. Mimi nikianza kusoma cha mzimu, namtaka mzimu.

Na wewe mleta uzi naomba kutofautiana nawe. Masharti, masharti, masharti. Tunasoma riwaya au katiba? Vitabu vya namna hiyo vinanikinai: kurasa nyingi za kueleza chumvi hufanya hivi, fedha hufanya vile, mzimu wa daraja la kwanza, wa daraja la pili. Mfano wangu ni Dirk Gently wa Douglas Adams, 1987. Mpelelezi anayeamini kila kitu duniani kimeunganika na kila kitu, anayefuata gari lolote linaloonekana linajua linakokwenda, na anaandika ankara za ajabu kwa wateja wake. Kuna mzimu, kuna mambo mengine siyataji. Hakuna aliyekaa kutufundisha sheria, na nilicheka mpaka nikaaibika. Hoja yako inasimama wapi?

#5 Msomavyote

@Mpinzani_Halali kitabu ulichochagua ni shahidi wangu. Dirk Gently anaonekana fujo kwa sababu Adams amezificha sheria zake, hakuzikosa. Kumbuka lile sofa lililokwama kwenye ngazi, ambalo kwa vipimo halikuweza kufika pale wala haliwezi kutoka. Unalisoma mapema, unacheka, unaendelea. Kumbe ni ushahidi. Sitasema wa nini. Kichekesho chenyewe ndicho kielelezo cha kesi, na kwangu hicho ndicho kilele cha ufundi huu, kwa sababu msomaji anapocheka analegeza macho, na mwandishi anapitisha ushahidi hapohapo mbele yake.

Na tofautisha sheria na mhadhara. Kurasa nyingi za kueleza chumvi hata mimi zinanichosha. Aaronovitch haelezi kwamba uchawi huunguza simu halafu akakaa akisubiri makofi. Simu inaungua, Grant anaudhika, maisha yanaendelea.

Kuhusu #3 na shuka: mimi Msa nampokea kwa mikono miwili. Katika aina hii kuna mizimu ya kweli na mizimu ya kusingiziwa, na kuna walioweza kuchanganya zote mbili. William Hope Hodgson alikuwa na mpelelezi wa mizuka aitwaye Carnacki, hadithi zake zikakusanywa kitabuni mwaka 1913. Kesi moja ni mzuka kwelikweli, nyingine ni tapeli na kamba zake, nyingine ni vyote viwili kwa pamoja. Si mcheshi, lakini tazama alichopata: unaingia kila hadithi bila kujua utakuta nini. Scooby-Doo ukishaiona mara chache umeshajua. Carnacki anakuweka roho juu.

#6 BintiKurasa

Nimesoma kimya kimya mpaka nilipofika kwenye Sookie, nimeshindwa kunyamaza.

Kaka Msomavyote, umesema mapenzi yamemeza kesi. Hebu tumia kipimo chako mwenyewe. Sharti la Sookie ni lipi? Anasikia mawazo ya watu. Kila mtu anayemhudumia baani, kila mwanamume aliyewahi kumtoa matembezi, anasikia anachofikiri juu yake muda huohuo. Nani anaweza kupenda katika hali hiyo? Halafu anaingia mnyonya damu, na Sookie hasikii kitu. Kimya. Kwa mara ya kwanza ameketi na mtu ambaye kichwa chake hakipigi kelele. Mapenzi yao yanatokana na sheria, hayakuletwa kutoka nje kuuza kitabu. Na ni kichekesho kizuri pia, kwamba mwanamume wa kwanza aliyempumzisha ni maiti.

Na kesi nazo zinategemea sheria hiyohiyo. Msomaji angeuliza: kama anasikia mawazo, si amsikie muuaji tu tumalize? Harris amelijibu hilo kwa kufanya mawazo ya watu yawe kama yalivyo kweli, vipande vipande, nusu sentensi, picha, na mtu aliyeua hatembei siku nzima akijiambia "niliua, niliua". Kuna sharti jingine pia, la mnyonya damu kutoingia nyumbani kwa mtu bila kukaribishwa, na mwenye nyumba akifuta mwaliko anatolewa nje hata kama hataki. Nani kati yetu asiyetamani hiyo kwa baadhi ya wageni?

Walichokasirikia wasomaji mwaka 2013 nakijua, hata mimi nilinuna. Lakini msiseme upelelezi ulikufa kwa sababu ya mapenzi. Wanaume mkisoma Dresden akihangaika na wanawake kila kitabu hamuiti mapenzi, mnaita ukuaji wa mhusika.

#7 MachoMekundu

#6 umemaliza. Fungeni uzi 😂

#8 Msomavyote

@BintiKurasa hoja ya ukimya nimeipokea bila ubishi, ni nzuri kuliko yangu yote juu ya Sookie. Bado nashikilia kwamba katika vitabu vya mwisho orodha ya wanaomtaka inakuwa ndefu kuliko orodha ya washukiwa. Lile la Dresden sitalijibu, naona mtego.

#9 Jalada_Gumu

Uzi wa vichekesho na mizimu umefika #9 na hakuna aliyemtaja Terry Pratchett? Mnanitisha.

Mfululizo wake wa Discworld una riwaya 41, ya kwanza 1983, ya mwisho 2015 baada ya mwandishi kufariki mwaka huohuo. Mnaotaka upelelezi msianzie mwanzo. Anzieni *Guards! Guards!* ya 1989, ndipo kikosi cha walinzi wa jiji kinapoanza, halafu *Men at Arms* ya 1993, halafu *Feet of Clay* ya 1996. Hiyo ya tatu ni kesi safi ya sumu: mtawala analishwa sumu polepole na hakuna anayejua inaingia kwa njia gani. Njia ipo mbele ya macho yako muda wote. Ndani yake kuna golemu, watu wa udongo wanaotii maneno yaliyowekwa kichwani mwao. Mleta uzi, sharti kubwa kuliko kuishi kwa maneno yaliyoandikwa ni lipi?

Lakini nimekuja hasa kwa lile lalamiko la nguvu kupanda, maana Pratchett aliipatia dawa. Sam Vimes, mkuu wa walinzi, hapewi uchawi wowote. Anapandishwa cheo. Anaanza akiwa mlevi wa mtaroni, anakuwa kamanda, anaoa mwanamke tajiri, anakuwa mwenye jina na mavazi rasmi yanayomwasha. Kila kitabu kinamkweza na kila kitabu kinamuudhi zaidi, kwa sababu anachotaka ni kutembea usiku barabarani na viatu vyenye soli nyembamba ili nyayo zimwambie yuko mtaa gani. Badala ya adui mkubwa zaidi, anapata aibu kubwa zaidi. Mfululizo wa namna hiyo unaweza kwenda mbali na ukabaki na ucheshi wake, kwa sababu mtu mnyonge aliyewekwa kwenye kiti kikubwa anachekesha, na mtu mwenye nguvu aliyeongezewa nguvu hachekeshi.

Na yule mhusika wake Kifo, anayeongea kwa herufi kubwa, anayependa paka, mwenye farasi aitwaye Binky! Haogopeshi hata kidogo, ila mtu akifika wakati wake ni nadra sana amwachie. Huo ndio mpaka wake, na ndio maana tunamheshimu huku tukicheka.

#10 Mpinzani_Halali

@Jalada_Gumu Pratchett na tanbihi zake lakini! Nasoma kwenye simu, nabonyeza kinyota, narushwa mwisho wa kitabu, narudi nimepotea, na nilichorushiwa ni utani wa mistari minane.

#11 Jalada_Gumu

Kwenye karatasi, mkuu. Tanbihi ya kuchekesha ni ya chini ya ukurasa uleule, jicho lishuke na kupanda. Stroud naye kabla ya Lockwood alikuwa na jini Bartimaeus, 2003, anayesimulia huku akijitetea na kujisifu kwenye tanbihi. Kwake ina maana kabisa: ni kiumbe mwenye akili nyingi kuliko nafasi aliyopewa, amefungwa kumtumikia mtoto, na chini ya ukurasa ndipo pekee ambapo hakuna wa kumwamrisha.

#12 Kiko_cha_Msa

Mpinzani, mzimu wa kweli umeupata sasa, maana naona tanbihi ndizo zinazokuandama.

Mleta uzi, kwa anayeanza kabisa unampa kipi mkononi? Mimi nampa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kisha aende anakotaka.

#13 Msomavyote

Inategemea kilichomleta. Aliyekuja kwa fumbo, *Feet of Clay*, hata kama hajasoma za nyuma atashika. Aliyekuja kwa ucheshi na muda wake ni mfupi, Wilde, unaisoma kwa kikao kimoja. Kijana, Lockwood na kwa mpangilio, usiruke kitabu, kwa sababu siri kubwa ya mizimu ilitoka wapi inajengwa tangu cha kwanza. Dresden ningesema anza cha kwanza lakini usimhukumu kwa hicho. Kimeandikwa na kijana aliyekuwa bado anatafuta sauti. Na Msa kwa yeyote anayependa kusikia Kiswahili kikitembea kwa maringo.

#14 MachoMekundu

Nilisema nitarudi. Swali langu ni moja na nataka jibu la kisayansi. Dresden naye ana fuvu linaloongea, Bob, linajua uchawi wote na linapenda vitabu vya mahaba. Lockwood wana fuvu la mtungini. Wakiwekwa meza moja wakatukanane, nani anashinda?

#15 BintiKurasa

La mtungini. Bob ataishia kuomba namba ya simu ya Lucy.

#16 Mpinzani_Halali

La mtungini, lakini kumbuka ni Lucy tu anayelisikia. Bob atatukana peke yake saa nzima na kuondoka akijua ameshinda.

#17 Msomavyote

@Mpinzani_Halali unaona sasa? Umecheka kwa sababu ya sharti.

#18 Mpinzani_Halali

Sijacheka. Nimetabasamu. Na bado sisomi katiba.